Ramani Isiyojibu Swali Bado Haijakamilika

Miradi mingi ya maji, afya na elimu siku hizi huahidi "ramani ya mtandaoni". Ramani inazinduliwa, picha zinapigwa, kisha mwananchi anaifungua kwenye simu yake, anagusa kata yake, na kinachojitokeza ni kijisanduku chenye jina la kata ambalo analijua tangu utotoni. Maswali yaliyompeleka pale yanabaki palepale. Kati ya visima vilivyochimbwa, vingapi bado vinatoa maji? Shule yetu ina wanafunzi wangapi kwa kila mwalimu? Tumepiga hatua tangu mwaka jana au tumerudi nyuma?

Ninatengeneza ramani za aina hii na nina imani kubwa nazo. Ikitengenezwa vizuri, ramani ya mtandaoni inampa mtu aliyeko Mtwara au Kisumu uwezo wa kuhoji takwimu za eneo lake bila kuomba miadi kwenye ofisi ya mtu. Ndiyo maana yananiuma madai yanayorudiwa kwenye semina, kwenye vikao vya zabuni na hata miongoni mwetu watengenezaji, kwa sababu yanatufanya turidhike na picha ya kupendeza. Nayachukua hapa moja baada ya jingine. Penye chembe ya ukweli nitaikubali.

Dai la 1: "Bila programu ya kulipia hakuna ramani ya maana"

Miaka ya tisini dai hili lingekuwa na uzito. Leo halina. PostGIS, kiongezi kinachoifanya hifadhidata ya PostgreSQL ielewe maumbo na umbali, ilitoka mwaka 2001 nchini Kanada na haina ada ya leseni. QGIS, inayotumika kusafisha na kuhariri data za ramani kwenye kompyuta, ilianza mwaka 2002. Leaflet, maktaba ya programu inayochora ramani ndani ya kivinjari, ilitolewa mwaka 2011 na Volodymyr Agafonkin wa Ukraine. Ikishabanwa ina uzito wa takriban kilobaiti 42, chini ya picha nyingi tunazotumiana kwenye WhatsApp. Kwa chati kuna D3 na Chart.js, nazo ni huria.

Ukiunganisha vitu hivi unapata mnyororo kamili: QGIS inasafisha, PostGIS inahifadhi na kujibu, Leaflet inachora ramani, Chart.js inachora nguzo na mistari. Hata kampuni inapobadili masharti, kazi haifi. Mwishoni mwa mwaka 2020 Mapbox ilibadilisha leseni ya programu yake ya kuchora ramani. Watengenezaji wakachukua toleo la mwisho lililokuwa huria, wakaliendeleza kwa jina la MapLibre, na mpaka leo linatumika.

Nakubali jambo moja. Ofisi isiyo na mtaalamu hata mmoja wa programu inaweza kufanya vyema kulipia huduma iliyo tayari, kwa sababu inanunua msaada na matengenezo. Tena, huria ina masharti yake. Data za OpenStreetMap, ramani huria ya dunia, zinakudai utaje chanzo chake, na seva zake za picha za ramani, zinazoendeshwa kwa michango, hazikuwekwa ili zibebe mzigo wa tovuti yako yenye wageni wengi. Hayo ni masharti ya kuheshimu, na hakuna hata moja linalohitaji bajeti ya kutisha. Data safi na maswali mazuri, kwa upande mwingine, haviuzwi pamoja na leseni yoyote.

Dai la 2: "Alama zikionekana zinatosha, maswali na chati ni mapambo"

Hili ndilo linalotugharimu zaidi, kwa hiyo nitakaa nalo.

Mtu anayefungua ramani huja na swali la mojawapo ya aina nne. Hapa pana nini? Ndani ya eneo hili kuna vingapi? Karibu na hapa kuna nini, na umbali wake ni upi? Na wapi kwingine pana hali kama hii? Alama zilizotawanywa juu ya ramani hujibu swali la kwanza tu, tena nusunusu. Ukiweka alama 3,000 za mitaro kwenye skrini ya simu, mtu anaona wingu la rangi. Hawezi kuhesabu, hawezi kulinganisha, na akikuza ramani anapoteza picha ya jumla.

Tuchukue Tandale, Kinondoni, kata ya Dar es Salaam iliyochorwa kwa ushirikiano na wakazi mwaka 2011, kabla ya mradi wa Ramani Huria ulioanza mwaka 2015. Katika Ramani Huria wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliingia mitaani pamoja na wakazi wa kata zinazokumbwa na mafuriko. Walichora nyumba na njia, na mitaro pamoja na sifa zake kama upana na kina. Sifa hizo ndizo roho ya kazi. Mstari ulioandikwa "mtaro" na kuishia hapo hauwezi kujibu kitu, ila mstari wenye upana, kina na hali ya mtaro unaweza kuulizwa.

Sasa mkazi anagusa mtaa wake kwenye ramani. Kivinjari kinachukua nukta aliyoigusa, longitudo na latitudo, na kuipeleka kwenye seva. PostGIS haianzi kupima mtaa mmoja baada ya mwingine kwa usahihi wote, maana hiyo ingechukua muda. Kwanza inatumia faharasa, wazo lililoelezwa na Antonin Guttman mwaka 1984: kila umbo limezungushiwa kisanduku cha mstatili, na visanduku vimepangwa kwa makundi, kubwa likibeba madogo. Visanduku visivyoigusa nukta ile hutupwa papo hapo. Yanabaki maumbo machache, na hayo ndiyo yanayopimwa kwa mipaka yake halisi. Seva ikishajua ni mtaa gani, inauliza swali la pili: mitaro inayopita ndani ya mtaa huu ina urefu gani kwa jumla, na kati yake ni mita ngapi zimeziba, ngapi ziko wazi, ngapi hazijakaguliwa? Jibu ni namba tatu au nne. Zinasafiri kwa kilobaiti chache na kuwa chati ya nguzo pembeni ya ramani.

Hapo bado hatujafika. Nguzo inayosema mita 400 zimeziba haimwambii mtu kitu ikisimama peke yake. Weka kando yake wastani wa kata, au mtaa wa jirani, ndipo mkazi atajua kama anaonewa au yuko sawa na wenzake. Kisha iache chati iiongoze ramani kama ramani ilivyoiongoza chati: akigusa nguzo ya mitaro iliyoziba, mitaro mingine yote ififie, ibaki ile tu. Ramani inasema wapi, chati inasema kiasi gani, na mtu akiweza kwenda na kurudi kati ya hizo mbili ameanza kuchunguza. Mwenyekiti wa mtaa akienda kwenye kikao na jibu la namna hiyo, anakwenda na hoja.

Dai la 3: "Kwetu hakuna data"

Anayesema hivi hajatazama. Mwaka 2009 vijana wa Kibera, Nairobi, walianza kuichora Kibera yao kwa vifaa vya GPS katika mradi wa Map Kibera, wakati ambapo kwenye ramani za umma eneo hilo lilikuwa karibu tupu. Kabla ya hapo, Januari 2008, Wakenya walikuwa wameanzisha Ushahidi, jukwaa lililopokea taarifa za ghasia za baada ya uchaguzi na kuziweka kwenye ramani, na programu yake imetumika katika nchi nyingi tangu hapo. Kuanzia mwaka 2016, Unguja na Pemba zilipigwa picha kutoka angani kwa droni, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar wakiwa miongoni mwa warushaji. Tuna sensa ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022. Data zipo.

Shida ya kweli ni hali tunayozikuta nazo. Takwimu zimefungwa ndani ya PDF, na majina hayafanani kati ya ofisi na ofisi. Faili moja la kaunti za Kenya limeandika "Elgeyo/Marakwet", jingine "Elgeyo-Marakwet", na jingine limeacha kabisa alama iliyo katikati. Kwa msomaji ni kaunti ileile. Kwa kompyuta ni kaunti tatu tofauti, na chati yako itaonyesha pengo mahali wanapoishi mamia ya maelfu ya watu. Dawa ipo na ni rahisi: unganisha kwa namba ya utambulisho, usiunganishe kwa jina. Kenya ina namba kwa kila kaunti kati ya 47, Mombasa ikiwa 001 na Nairobi 047. Namba haikosewi kwa kistari wala kwa nafasi.

Kuna nusu nyingine ya ukweli ambayo wenye dai hili wanaigusa bila kujua. Mahali pasipo na alama kwenye ramani ya wazi panaweza kuwa hapajatembelewa na mchoraji. Kukosekana kwa zahanati kwenye data si ushahidi kwamba zahanati haipo. Kwa hiyo "haijapimwa" ipewe rangi yake, tofauti kabisa na rangi ya sifuri, na iandikwe waziwazi kwenye ufunguo wa ramani na kwenye chati. Anayechanganya hali hizi mbili anaweza kupeleka dawa mahali zisipohitajika.

Dai la 4: "Koordineti ni koordineti, ukipakia tu zinakaa"

Hazikai. Kiwango cha GeoJSON cha kuandika data za ramani, kama kilivyopitishwa mwaka 2016, kinataka longitudo itangulie latitudo. Leaflet yenyewe, unapoiandikia nukta moja kwa moja, inataka latitudo kwanza. Fundi asiyejua hilo akigeuza mpangilio wa nukta ya Dar es Salaam, yaani longitudo 39.28 na latitudo −6.8, alama yake inaangukia magharibi mwa Hispania, karibu na mpaka wa Ureno. Ya Nairobi inaangukia baharini, kati ya Hispania na Algeria. Makosa hayo angalau yanaonekana kwa macho.

La hatari ni lile lisiloonekana. Ramani nyingi za zamani za Tanzania na Kenya zilipimwa kwa msingi wa koordineti uitwao Arc 1960, wakati GPS na ramani za mtandaoni hutumia WGS84. Ukichukua koordineti za ramani ya zamani na kuziweka juu ya ramani ya leo bila kuzigeuza, kila kitu kinahama kwa takriban mita 300. Mita 300 mjini ni mtaa mwingine kabisa. Kisima kinaruka barabara kuu, nyumba iliyo bondeni inaonekana iko mlimani, na swali la "ni kaya ngapi ziko ndani ya mita 200 kutoka mtoni" linapata jibu ambalo ni uongo mtupu, limepambwa kwa chati safi. QGIS na PostGIS hufanya mageuzi hayo zikiambiwa msingi wa asili ni upi. Kazi ya fundi ni kuuliza na kuthibitisha kabla ya kupakia, kwa mfano kwa kutazama kama makutano ya barabara mbili zinazojulikana yanaangukia mahali pake.

Vilevile, umbali upimwe kwa mita. Nyuzi moja ya latitudo ni kama kilomita 111, na mtu anayetafuta zahanati ndani ya "5" bila kutaja kipimo anaweza kuwa amezungushia duara linalomeza mikoa kadhaa.

Dai la 5: "Rangi ikikolea, hapo ndipo penye tatizo"

Ramani ya rangi za mikoa ndiyo inayopendwa kuliko zote, na ndiyo inayopotosha kuliko zote. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam, wenye kilomita za mraba karibu 1,400. Lindi ilikuwa na watu 1,194,028 katika kilomita za mraba karibu 66,000. Ukipaka rangi kwa idadi ya wagonjwa wa magonjwa mengi ya kawaida, Dar es Salaam itakolea kwa sababu moja tu: ndiko waliko watu. Ramani yako ya kisukari na ya ajali zitafanana, maana zote zitakuwa ramani ya idadi ya watu iliyobadilishwa kichwa cha habari.

Wakati huohuo jicho linadanganywa na ukubwa wa eneo. Lindi inachukua nafasi zaidi ya mara 40 ya Dar es Salaam kwenye skrini, kwa hiyo rangi yoyote itakayopewa itatawala picha, ingawa watu wake hawafiki robo ya wale wa Dar.

Kanuni ya kufuata ni hii. Rangi za maeneo zitumike kwa viwango: wagonjwa kwa kila watu 1,000, wanafunzi kwa kila mwalimu, asilimia ya kaya zenye maji. Idadi kamili ionyeshwe kwa duara juu ya kila eneo. Na duara lenyewe lina mtego wake. Ukiongeza nusukipenyo mara mbili, eneo la duara linaongezeka mara nne, na jicho linasoma eneo. Kwa hiyo nusukipenyo kifuate kipeuo cha pili cha idadi, kisifuate idadi yenyewe.

Halafu kuna mipaka ya madaraja ya rangi, ambapo mtu anaweza kupindisha ramani bila kubadilisha namba hata moja. Data zilezile zikigawanywa kwa vipimo sawa zinaweza kuonyesha mkoa mmoja mwekundu na mingine yote myeupe. Zikigawanywa ili kila rangi ipate idadi sawa ya mikoa, sehemu kubwa ya nchi inaweza kuonekana inaungua. Mipaka hiyo iandikwe wazi kwenye ufunguo, na chati iliyo pembeni ipange mikoa yote kwa thamani halisi, ili msomaji aone kama tofauti kati ya rangi mbili ni kubwa au ni ya nukta mbili tu. Kwa uchaguzi wa rangi kuna ColorBrewer, kazi ya mwanajiografia Cynthia Brewer wa Marekani, inayoonyesha seti ambazo hata wasiotofautisha nyekundu na kijani huzisoma. Kuwaacha wasomaji hao nje ni kosa linaloepukika kwa kubofya mara moja.

Dai la 6: "Chati haidanganyi, namba ni namba"

Namba za sensa ya 2012 zilionyesha Mkoa wa Mbeya una watu 2,707,410. Sensa ya 2022 ikaonyesha 2,343,754. Ziweke kwenye chati ya mstari na ramani yako itamwambia kila anayegusa Mbeya kwamba mkoa umepoteza zaidi ya watu 360,000 katika miaka kumi. Mtu anaweza kuandika habari ya uhamaji mkubwa kutokana na mstari huo, na namba zote mbili ni sahihi.

Kilichobadilika ni mpaka. Mwaka 2016 Mkoa wa Songwe ulimegwa kutoka Mbeya. Songwe ilihesabiwa kuwa na watu 1,344,687 mwaka 2022. Ukiijumlisha na Mbeya unapata 3,688,441, yaani eneo lililoitwa Mbeya mwaka 2012 limeongezeka kwa karibu watu milioni moja. Mstari ulioshuka ulipaswa kupanda. Geita, Katavi, Njombe na Simiyu zilizaliwa kwa namna hiyohiyo mwaka 2012, kwa hiyo mtego huu unarudi kila unapolinganisha sensa mbili. Ramani yenye chati za miaka lazima ihifadhi mipaka pamoja na tarehe zake, na ama ilinganishe maeneo yaliyosawazishwa au ikatae kuchora mstari na ieleze sababu.

Mtego wa pili ni wastani wa wastani. Chukua mfano wa kata mbili. Ya kwanza ina wanafunzi 200 na walimu 10, uwiano wa 20. Ya pili ina wanafunzi 1,800 na walimu 30, uwiano wa 60. Mtumiaji anazichagua zote mbili kwenye ramani, na programu iliyoandikwa kwa haraka inajumlisha 20 na 60, inagawanya kwa mbili, na kutangaza 40. Ukweli ni wanafunzi 2,000 kwa walimu 40, yaani 50. Tofauti hiyo ya 10 ni watoto kumi kwa kila mwalimu waliofichwa na hesabu. Kwa hiyo seva itume idadi ya wanafunzi na idadi ya walimu, na uwiano ukokotolewe baada ya kujumlisha, kila mara uteuzi unapobadilika. Nguzo za chati zianzie sifuri, la sivyo tofauti ya asilimia mbili itaonekana kama maradufu. Na chini ya kila chati uandikwe mwaka na chanzo, kwa herufi zinazosomeka.

Dai la 7: "Simu za wananchi haziwezi kubeba ramani hizi"

Simu zinaweza. Kinachozishinda ni uvivu wetu. Faili la mipaka ya kata likitolewa bila kuguswa linaweza kubeba koordineti kama 39.283749582910347. Tarakimu ya tano baada ya nukta tayari ni kama mita moja ardhini. Zinazofuata zinapima sentimita, kisha vitu ambavyo hakuna mpimaji aliyewahi kuviona, na kila mmoja anazilipia kwa bando lake. Kata baada ya tarakimu ya tano.

Kisha rahisisha mistari. Mbinu ya Douglas na Peucker ya mwaka 1973 huondoa nukta zisizobadilisha umbo kwa kiasi kinachoonekana. Ifanyike kwa programu inayojua kwamba kata mbili jirani zina mpaka mmoja, kama Mapshaper, vinginevyo kila kata itarahisishwa kivyake na mianya itajitokeza kati yao. Mipaka iliyorahisishwa ni ya kuchorea tu. Maswali yajibiwe na seva kwa mipaka kamili, la sivyo nyumba iliyo ukingoni itahesabiwa kwenye kata isiyo yake.

Kwa maeneo mengi zaidi, gawa data katika vipande vidogo, ili simu ivute vile tu vinavyoonekana kwenye skrini. Tena usitegemee kitu kitokee pale mshale wa kipanya unapopita juu ya eneo, maana simu haina mshale. Kidole kinahitaji mahali pakubwa pa kugusa. Weka pia jedwali la namba zilezile chini ya ramani, kwa msomaji asiyeona vizuri na kwa mtandao unaokatika. Ukifanya hayo yote, ramani iliyokuwa mzigo inafunguka hata kwenye simu ya bei ya chini.

Dai la 8: "Kadiri ramani inavyoonyesha mengi, ndivyo uwazi unavyokua"

Napenda uwazi, na kwa sababu hiyohiyo nalipinga dai hili. Uwazi ni kuhoji mamlaka kuhusu huduma. Haumpi mtu yeyote ruhusa ya kumwonyesha jirani ni nyumba ipi yenye mgonjwa. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Hata kama zisingekuwapo, wajibu ungebaki.

Ramani inayoulizika ina hatari ambayo picha tuli haina: maswali yanaweza kubanwa. Mtu anachuja kwa mtaa, kisha kwa jinsia, kisha kwa umri wa miaka 60 na zaidi, na chati inamwonyesha "1". Katika mtaa wenye watu wanaofahamiana, hiyo "1" ina jina. Kwa hiyo jibu lililo chini ya kiwango kilichokubaliwa lisitoke kabisa, na kizuizi hicho kiwekwe kwenye seva. Kukiweka kwenye kivinjari pekee hakusaidii, maana data ikishafika kwenye simu ya mtu, yeyote anayejua kufungua zana za kivinjari ataisoma.

Nini kifanyike

Madai haya manane yana mzizi mmoja: tunaihesabu ramani kuwa imekamilika ikishaonekana. Napendekeza tuihesabu imekamilika ikishajibu. Kabla ya zabuni kutangazwa, halmashauri au kaunti iwaite madiwani, wauguzi, walimu wakuu na wenyeviti wa mitaa, iandike maswali wanayoulizwa kila wiki, na iyaambatishe kwenye mkataba. Mkataba utaje data zitakazojibu kila swali, tarehe zake, msingi wa koordineti zake, namba ya utambulisho itakayoziunganisha, na afisa atakayezisasisha mtengenezaji akishaondoka. Malipo ya mwisho yatolewe pale watu walewale walioandika maswali watakapokaa na simu zao na kupata majibu wenyewe, wakiyalinganisha na rejista zilizoko ofisini. Mtengenezaji anayejua kazi yake hatakuwa na sababu ya kuliogopa sharti hilo.